Jaketi Ilikuwa Bado Kwenye Kavera

Haya ni maneno juu ya laifu jaketi, ile ya kumwelesha mtu majini, niliyoongea mwaloni kwetu, pale boti za uvuvi zinapotua, upande wa Uganda wa Ziwa Albert, tarehe 25 Julai, ile siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2021 ili dunia nzima ikumbuke watu wanaokufa maji. Vijana waliniomba niyaandike ili wenzao waliokuwa ziwani siku hiyo nao wasome. Nimeandika vile vile nilivyosema, kwa Kiswahili chetu cha huku, manake pale mwaloni tuko Wagungu, Waaluri, Wanyoro, na ndugu zetu waliovuka kutoka Kongo, na lugha inayotukalisha pamoja ndiyo hii.

Wazee wangu shikamooni. Mama zetu mnaoanika muziri, wale samaki wetu wadogo, poleni na jua. Vijana, hamjambo. Chairman wa BMU, kamati yetu ya mwalo, nakushukuru umenipa nafasi na umesema niongee mpaka nimalize, basi nitamaliza.

Mi si mtu wa semina. Wengi hapa mnanijua, niliingia ziwa hili nikiwa na miaka kumi na nne, kazi yangu ilikuwa kutoa maji kwa kopo kwenye mtumbwi wa mjomba, baadaye nikawa navuta nyavu, baadaye nikashika injini, na sasa nina boti mbili na vijana wanane wananiita tajiri ingawa utajiri wenyewe mnauona. Kwa hiyo ninayosema leo nayasema kama mtu aliyekaa kila upande wa hiyo boti, chini kabisa kwenye maji machafu na samaki, na juu pia kwenye kuhesabu pesa.

Nataka niwaambie habari ya mdogo wangu. Wengine mlimfahamu, jina lake sitalitaja kwa sababu mama yetu yuko hapa amekaa, na kila jina hilo likitajwa mbele za watu anaumia.

Mdogo wangu alikuwa na laifu jaketi. Nataka mlisikie hilo kwanza, manake watu wakisikia mvuvi amekufa maji wanasema hakuwa na jaketi, maskini, hana pesa. Alikuwa nayo. Aliinunua mwenyewe kwa pesa yake, mpya, rangi ya machungwa, wakati ule doria zilikuwa nyingi na ukikutwa huna unarudishwa. Akaiweka chini ya ubao wa mbele, ndani ya kavera yake, ule mfuko wa plastiki wa dukani. Nilimuuliza mbona huivai akaniambia kaka, nikiivaa itajaa magamba na damu ya samaki itanuka, hii nitaivaa nikiona hali mbaya.

Hali mbaya ilikuja saa tisa usiku. Wale wanaovua na taa wanajua ile saa, mmeshawasha taa, samaki wameanza kukusanyika, mmetulia, hakuna mwezi, halafu unasikia upepo kabla hujauona, unashuka kutoka kwenye ule ukuta wa mlima nyuma yetu kama gari limekatika breki. Walikuwa wanne. Nyavu ziko nusu majini nusu ndani, boti imelala upande mmoja, wimbi la kwanza likaingia, la pili likaingia, la tatu hakuna aliyelihesabu. Wawili walirudi. Walishika jerikani tupu ya petroli mpaka kukapambazuka, mmoja wao yuko hapa leo, ameniruhusu niseme hivyo, na mikono yake ukiitazama ina alama mpaka leo.

Asubuhi tulienda na boti tatu. Tukaikuta boti yao imeelea, tumbo juu. Tukaigeuza. Nikaingiza mkono chini ya ubao wa mbele nikashika kitu laini, nikavuta, ikatoka jaketi. Iko kwenye kavera. Ile kavera imefungwa fundo, na ndani jaketi ilikuwa kavu. Ndugu zangu, mtu aliyeinunua tulimpata siku ya tatu, na jaketi yake haikuwa imelowa hata tone.

Ile jaketi ninayo nyumbani. Leo nimeivaa, ni hii.

Na mdogo wangu alijua kuogelea kuliko mtu yeyote niliyemwona. Hilo nalisema kwa ajili ya vijana, manake kila nikiongea habari ya jaketi kijana ananiambia mzee mi naogelea. Unaogelea wapi? Hapa mwaloni, mchana, umevua shati, umeshiba, maji yametulia, na ukichoka unasimama mguu unagusa mchanga. Huko nje ni usiku, umevaa sweta mbili na koti la mvua na gumbuti, umeshatoka jasho kwa muda wa saa sita ukivuta nyavu, kuna nyavu zinaelea zinakutafuta mguu, kuna petroli imemwagika juu ya maji inakuchoma macho, na hujui nchi kavu iko upande gani. Labda na ubao wa boti umekupiga kichwani wakati inapinduka. Mtu aliyezimia haogelei. Jaketi nzuri inamshika hata aliyezimia asizame, na hiyo ndiyo tofauti yake na jerikani, jerikani lazima uishike wewe, na mkono ukichoka mmeachana.

Halafu hili la kusema nitaivaa nikiona hali mbaya. Mi nimejaribu, jamani. Baada ya msiba niliingia majini hapa hapa, mchana, maji ya kifuani, nikajaribu kuvaa jaketi nikiwa ndani ya maji bila kukanyaga chini. Ile kitu inataka kupanda juu, wewe unataka kuivuta chini, mkono mmoja unatafuta tundu, mwingine unapiga maji usizame, kamba zimejisokota, kifungo hukioni. Ilinichukua muda mrefu mpaka nikanywa maji, na hapo hakuna wimbi, hakuna giza, hakuna mtu mwingine ananishika shingo. Usiku ule mdogo wangu asingeweza, hata angeipata. Kwa hiyo jaketi inavaliwa hapa kwenye mchanga, kabla hujasukuma boti, na inavuliwa hapa hapa ukirudi. Katikati hakuna kuvua.

Najua mnayosema, nimeyasema pia.

Mnasema ina joto. Kweli mchana ina joto. Lakini wengi wetu tunavua usiku, na usiku wa ziwani wewe mwenyewe unatafuta sweta, basi jaketi ivae badala ya sweta ya pili. Mnasema nyavu zinanasa kwenye vifungo. Hilo ni kweli na si dogo, mi sitawadanganya, ukiwa unavuta nyavu kamba ikijishika kwenye kifungo cha jaketi inaweza kukuvuta. Dawa yake ni kufunga kamba zote mpaka mwisho na zile zinazoning'inia uzichomeke ndani au uzikate uzichome ncha na kiberiti, na kama unanunua mpya chagua ile fupi ya kiunoni yenye zipu mbele, si ile kubwa ya abiria inayokuja mpaka shingoni. Fundi cherehani wetu hapa anaweza kukushonea kifuniko juu ya vifungo, nimeshamuuliza, amesema ni kazi ndogo.

Mnasema ni uoga. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, manake vijana wamekufa kwa ajili ya neno hilo tu. Kijana mpya akiingia kwenye boti amevaa jaketi, wakubwa wanamcheka, wanamuuliza kama ameenda kuvua au kutalii. Anavua jaketi. Yule anayecheka ndiye tutamtafuta siku ya msiba aende kumwambia mama wa kijana. Na kuna wanaosema ziwa likikutaka litakuchukua tu. Mi namwamini Mungu kama ninyi, lakini sijaona mtu anayeacha kuziba boti lami na pamba kwa sababu Mungu akitaka maji yaingie yataingia. Boti tunaziba, na mtu tumlinde hivyo hivyo.

Na kuna lile la kuvaa tukiona wanajeshi. Tunajua sote, boti ya doria ikionekana mbali jaketi zinatoka chini ya mbao, wakipita zinarudi. Tangu jeshi lilipowekwa kwenye uvuvi mwaka 2017 tumekuwa na manung'uniko yetu mengi, mengine ya haki kabisa na leo si siku yake, ila matokeo yake ni kwamba jaketi tumeiona kama kitu cha serikali, kama kibali. Dhoruba haikuombi kibali.

Hapa nataka niwape habari moja nzuri. Watu wa Chuo Kikuu cha Makerere, wale wa shule ya afya ya jamii, walikuja kufanya utafiti huku kwetu Ziwa Albert. Badala ya kuleta wakubwa waje watugombeze, walichagua wavuvi wenyewe wakawafundisha, na wale wakaenda kuwafundisha wenzao. Kabla ya hapo kati ya wavuvi 100 waliokuwa wanavaa ni kama 31 tu. Baadaye walifika 65. Kwenye mialo ambayo haikupata mafundisho hayo waliongezeka pia lakini waliishia kwenye 43. Mi nikisikia hivyo nasema basi dawa tunayo wenyewe. Mvuvi anamsikia mvuvi. Chairman anaweza kupiga kelele na kipaza sauti mwaka mzima, lakini kapteni wa boti akisema hatusukumi mpaka wote mmefunga, watafunga.

Hao hao wa Makerere waliwahi kukusanya habari za watu waliozama katika wilaya 60 za nchi hii, kuanzia Januari 2016 mpaka Juni 2018. Wengi waliokufa ni wanaume, umri wa kufanya kazi, na karibu nusu walikuwa kwenye boti. Yaani ni sisi. Ukiangalia hapa mbele yangu, ndio hao waliokaa.

Na huku kwetu hatuhitaji hata vitabu. Tarehe 22 Machi 2014 boti iliyobeba ndugu zetu wakimbizi waliokuwa wanarudi kwao Kongo ilizama kwenye maji haya haya, wakafa zaidi ya 100, wengi wao watoto na mama zao. Mwaka 2016, siku ya Krismasi yenyewe, vijana wa mpira na mashabiki wao kutoka Buliisa walijaa kwenye boti wakienda kucheza mechi upande wa Hoima, ikapinduka, wakafa kama 30. Wimbo walioondoka nao kuna watu hapa bado wanaukumbuka. Nakumbusha haya kwa sababu ajali kubwa tunazilia sote, redio zinatangaza, wakubwa wanakuja. Lakini mvuvi mmoja mmoja, leo wawili, wiki ijayo mmoja, hao redio haiwatangazi, na ukiwajumlisha kwa mwaka wanajaza boti nyingi.

Sasa niongee na matajiri wenzangu, na hapa nitakuwa mkali kidogo mnisamehe.

Safari ikirudi tunafanyaje? Tunauza, tunatoa pesa ya petroli, tunatoa chakula, tunatoa matengenezo ya injini, halafu kinachobaki ndio tunagawana na vijana. Mbona jaketi haimo kwenye hesabu hiyo? Tunamwambia baharia nunua yako. Yeye ana watoto, ana kodi ya nyumba, leo amepata kesho hajapata, atanunua lini? Mi tangu msiba ule jaketi nimeiingiza kwenye gharama ya boti kama petroli, inatolewa juu kabla ya kugawana, kidogo kidogo kila wiki, na ndani ya msimu mmoja boti zote mbili zilikuwa zimekamilika. Hakuna aliyelala njaa. Na jaketi ni mali ya boti, ina namba yake kwa rangi mgongoni, jioni zinahesabiwa na nyavu, kwa hiyo hata wizi umepungua. Injini ikizama utanunua nyingine. Baharia aliyezoea boti yako, anayejua samaki wanalala wapi, huyo humpati dukani.

Ila mkinunua, nunueni vizuri. Kuna jaketi zinauzwa huku ndani zimejazwa sponji ya godoro. Nje zinang'aa na zina maandishi ya Kizungu mazuri kabisa. Hiyo sponji inakunywa maji, na ndani ya muda mfupi umevaa mzigo. Mi niliipasua moja mbele ya muuzaji na tukagombana. Kwa hiyo usiilipe kabla hujaijua: ibonyeze, ya kweli ina povu gumu linalorudi mahali pake, halafu iingize majini uikandamize na mawe kwa muda, ukiiachia lazima ipande juu haraka kama mwanzo. Soma na lebo, ina uzito wa mtu inayemfaa. Imeandikwa na newton pia, 100 kwa mfano ni nguvu ya kunyanyua kama kilo kumi, na mtu ndani ya maji ni mwepesi, hiyo inamtosha kumweka kichwa juu. Ya mtoto ni ya mtoto, usimvishe mtoto ya mtu mzima ukadhani umemsaidia, itamtoka kichwani.

Na ukishaivaa ifunge kabisa. Mwambie mwenzako akushike mabegani pa jaketi akunyanyue. Ikipanda mpaka masikioni haijafungwa, kaza. Ile kamba ya kupita katikati ya miguu watu wanaikata kwa sababu inawasumbua, jamani msiikate, ndiyo inazuia jaketi isikutoke ukiangukia majini. Funga filimbi hapa begani, usiku sauti yako inaisha baada ya kuita mara kumi lakini filimbi inalia mradi unapumua. Na msikalie jaketi, nawaona, mmezigeuza mito na viti, lile povu likilaliwa kila siku linakufa. Ikilowa ianike kivulini, usiiweke juu ya moto wa kukaushia samaki.

Hali ya hewa nitaipita haraka kwa sababu wazee hapa wanasoma mawingu kuliko mimi. Neno moja tu, usiku ziwani si kama usiku wa nyumbani. Nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto, upepo unatoka pande zote mbili unakutana katikati ya ziwa na kujenga mawingu, ndio maana wenzetu wa Ziwa Victoria dhoruba zao nyingi ni za usiku kuelekea alfajiri. Sisi tuna na huu mlima unaoongeza. Watu wa hali ya hewa wanatoa utabiri, redio inausoma, mtu mmoja hapa awe na kazi ya kuusikiliza jioni na kuuandika pale kwenye ubao wa BMU. Na mkitoka mwambieni mtu mnaelekea wapi na mnarudi saa ngapi. Simu ifungeni kwenye kavera mbili. Kavera kazi yake ni kukinga simu.

Waragi nayo, ile pombe kali yetu, najua baridi inauma na mnasema inapasha mwili moto. Inakudanganya ngozi tu, ndani unapoa zaidi, na mguu unakosa mizani kwenye boti. Mi naomba ibaki nchi kavu, mkirudi salama mi mwenyewe nitawanunulia.

Ikipinduka, msiiache boti. Boti ya mbao hata ikijaa maji haiendi chini upesi, mara nyingi inaelea kama ile ya mdogo wangu ilivyoelea, na watu wanaotafuta wanaiona boti kabla hawajaona kichwa. Shikaneni pamoja, magoti mkunje kifuani, aliye dhaifu awe katikati. Taa za mwaloni zinaonekana karibu usiku lakini ziko mbali sana, waliozifuata wengi hawakufika.

Na mkimwona mtu anazama, mtupieni kitu, jerikani yenye kamba, kasia, chochote, msimrukie mikono mitupu, atakupanda nawe utakwenda naye. Mkimtoa na hapumui, naomba sana tuache kumning'iniza miguu juu na kumkanyaga tumbo maji yatoke. Nimeona tukifanya hivyo mara nyingi, kwa mapenzi kabisa, na tunapoteza zile dakika. Anachokosa ni hewa. Mlaze chali, inua kidevu, bana pua, mpulizie mdomoni pumzi tano, halafu bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, pumzi mbili, mara 30 tena, usiache mpaka apumue au mfike kwa daktari. Nesi wa kituo cha afya amekubali kutufundisha Jumamosi hii kwa mdoli, mje, na mama zetu mje, manake mara nyingi mnaokuwa ufukweni boti ikiletwa ni ninyi.

Mama zetu, nina ombi moja kwenu tu. Ninyi ndio mnanunua samaki. Boti ikija watu hawajavaa jaketi, msikimbilie hiyo boti kwanza. Subirini ile ya waliovaa. Matajiri tutajifunza kwa siku mbili.

Nimemaliza kuongea, koo limekauka. Pale kando ya boti yangu ya bluu kuna jaketi kumi, mbili kati yake ni zile za sponji nimeziweka makusudi. Maji ni ya kifuani, nimeshapima. Kila boti itoe mtu mmoja avae, afungwe na mwenzake, aingie. Kapteni waanze.